Ninusie Kitambaa Hiki

9 Februari

Dada Pua,

Shikamoo. Mimi mzima, kwa kiasi cha mtu anayeshinda amesimama. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema kwa sauti. Saluni imejaa masikio, na chumba nilichopanga ukuta wake ni wa mbao, jirani akipiga chafya mimi ndiye nampa pole.

Dada, nina kikwapa.

Umecheka, najua. Maliza kucheka halafu uendelee kusoma, maana mwenzio nimefikwa.

Kazi yangu unaijua. Mteja amekaa, mimi niko nyuma yake, mikono juu, kwapa langu liko sawasawa na pua yake tangu asubuhi mpaka rasta ziishe. Mwezi uliopita nilikuwa namsuka karani mmoja wa mahakama, mteja wangu wa siku nyingi. Akawa anainamisha kichwa pembeni. Namrudisha, anainama tena. Nikadhani namvuta nywele, nikamwomba radhi, nikalegeza mkono. Juzi amekuja kufumua na kusuka upya, akanisalimia vizuri kabisa, akaenda kukaa kwenye kiti cha mwenzangu.

Jioni Mwenye Saluni akaniita uani, kwenye kamba ya mataulo. Ni mwanamke wa haki, hakutaka kuniumbua mbele za watu. Akasema, "Vidole, si mteja mmoja aliyenilalamikia. Jirekebishe. Mwezi ujao ukiisha hali ni hii hii, nitampa kiti mwingine." Na huyo mwingine yupo. Kuna binti anakuja kila Jumatatu kuulizia nafasi, anakikagua kiti changu kama mtu anayekagua kiwanja.

Naoga asubuhi, naoga jioni. Nilinunua marashi ya dukani, yakachanganyika na jasho ikawa balaa juu ya balaa. Vile vya kupaka kwapani vinanitoa vipele. Umebaki wewe. Nichanganyie kitu, dada, mimi kazi nyingine sina na wala sijui.

Nisalimie duka lako na hayo masufuria yako ya kukenekea mafuta.

Mdogo wako,
Vidole


16 Februari

Vidole wangu,

Marahaba. Nimecheka, ndiyo, mpaka mteja aliyekuwa dukani akaniuliza kama nimeposwa. Nikamwambia hapana, mdogo wangu ananuka. Usinune, hakujui.

Sasa sikiliza, na usilete ujuaji wako. Jasho lenyewe halinuki. Kuna vijidudu vimepanga hapo kwapani, vinalila jasho, na harufu ni ya kwao. Kwa hiyo hatupigani na jasho, mwili usipotoa jasho utapata taabu. Tunapigana na hao wapangaji, kwa hizi chupa mbili ninazokutumia pamoja na barua. Chupa ya kijani ni mafuta ya mti wa chai na lavenda, nimeyatia ndani ya mafuta ya nazi niliyoyachuja mwenyewe. Mti wa chai unawafukuza, lavenda inaituliza ngozi. Chupa nyeupe ni maji ya mchaichai, nimeyakeneka jana, ya kujipangusia mchana ukipata upenyo.

Oga, jifute mpaka kwapa likauke kabisa, ndipo upake. Lakini kwanza paka kidogo ndani ya mkono, ushinde nayo, uone kama ngozi inakataa. Na usije ukaniagiza mafuta makali yasiyochanganywa ukajisiriba, yatakuunguza halafu utasema Pua kakuroga. Vaa pamba. Hizo blauzi zako za kung'aa wape wanaokuchukia.

Huu ni mchanganyiko wa kuanzia tu. Unajua ninavyofanya kazi, simchanganyii mtu nisiyemnusa. Wa karibu nawainamia wenyewe, wa mbali wananitumia kitambaa. Chukua kipande cha pamba, kishikize ndani ya blauzi hapo kwapani, ukivae kutwa, kisha ukifunge kwenye mfuko wa nailoni. Usikifue. Narudia, maana nakujua kwa aibu zako, usikifue. Nikikinusa nitajua kama ni jasho la kazi, la chakula au la mawazo, na nitajua nikutilie nini.

Mama hakuniita Pua bure. Na wewe hakukuita Vidole bure, kwa hiyo hicho kiti usikiachie.

Dada yako,
Pua


8 Machi

Dada,

Shikamoo. Chupa zimefika. Moja ilivuja kidogo njiani, na yule bwana wa kupokea mizigo amesema niwe napokea vifurushi kila wiki, ofisi yake haijawahi kunukia vile.

Mafuta yanafanya kazi. Mpaka saa nane mchana nainua mikono bila woga. Mwenye Saluni amepita nyuma yangu akivuta pumzi kijanja, hakusema kitu, na kwake yeye kutosema kitu ni sifa.

Lakini sikukuambia yote. Natokwa jasho usiku, dada. Si la joto. Naamka shuka imelowa chapachapa, nahamia upande wa pili wa kitanda, nao unalowa. Sketi yangu ya kijivu inanipwaya, naibana na pini. Na asubuhi moja nilipokuwa naloweka shuka kwenye beseni kuna harufu ilinijia, nikakaa palepale sakafuni.

Unaikumbuka harufu ya mama? Ile ya miezi ya mwisho. Hatukuwahi kuizungumza na mtu. Siku moja tu, tukifua shuka zake, ulisema, "Kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu kiganjani, halafu maziwa kwa mbali." Nikasema ndiyo, ndiyo hiyo. Tukaendelea kufua. Baba alikuwa haisikii, majirani hawaisikii, ni mimi na wewe tu. Na mama tulimpeleka hospitali ameshachelewa, hilo tunalijua wote wawili.

Nadhani hii yangu ni ile. Lakini pua yangu ni ya kawaida, na woga unaweza kumnusisha mtu chochote. Wewe hukosei. Nimelala na kitambaa kwapani, sijakifua, naapa. Ninusie kitambaa hiki. Ukisema ni ile, kesho yake naenda hospitali nijue moja, hata nikilazwa na kiti kikaenda. Ukisema si ile, naacha kujitisha, nafanya kazi yangu. Naogopa kuomba ruhusa ya kuumwa sasa hivi, dada, wakati bado nachunguzwa. Nitafuata utakalosema.

Jibu haraka.

Vidole


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Kifurushi chako kilinikuta kitandani. Nilishikwa na homa, na mafua ya kuziba kila tundu, hata duka lilifungwa. Sasa nimeinuka, niko kazini, usiwe na wasiwasi na mimi.

Kitambaa nimekinusa. Si ile.

Nimekinusa asubuhi kabla sijanywa chai, nikakinusa tena jioni. Si harufu ya mama. Ni jasho la mtu anayesimama kutwa, anayekula vitunguu vingi, na anayeogopa kupoteza kazi. Woga nao una harufu yake, ni kali kidogo, inakaa juu juu. Hilo la usiku litakuwa ni mawazo hayo hayo yanakufuata mpaka kitandani. Kwa hiyo tulia. Kula vizuri, punguza hivyo vitunguu, lala.

Nimekuongezea jiwe la shabu. Lilowanishe, jipake kabla ya mafuta, linabana jasho kidogo. Kwenye chupa mpya nimetia mkaratusi, na karafuu matone machache tu.

Duka linakwenda. Kuna hoteli inataka niwatengenezee sabuni na mafuta ya vyumba vyote, wenyewe wamesikia habari za pua yangu. Nikiipata kazi hiyo nitakuja nikutembelee, na utanisuka bure.

Dada yako,
Pua


20 Aprili

Dada Pua, dada wa dada wote,

Shikamoo, na nyingine ya akiba. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Nikalia, nikacheka, jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini, nikamjibu kuna uzima. Roho yangu imetulia kwatu. Usiku ule nililowa kama kawaida, lakini sikujali hata chembe, nikaugeuza mto nikaendelea kulala.

Kiti ni changu. Mwenye Saluni ameniambia mbele ya wenzangu, "Vidole, yule binti nimemwambia asije tena." Na karani wa mahakama amerudi. Alikaa, nikainua mikono, nikamsubiri. Hakuinamisha kichwa. Baada ya muda akauliza najipaka nini, nikasema siri ya ukoo, hivyo usishangae akikutafuta. Mwenzangu anasema nanukia kama kabati la bibi harusi.

Uchovu tu ndio unanisumbua, uchovu wa ndani ya mifupa. Na kuna kivimbe kimeota shingoni chini ya sikio, hakiumi. Nadhani ni cha jino, maana gego la nyuma limeanza visa. Mwezi wa tatu kivimbe kama hiki kingenilaza chini kwa woga. Sasa nakibonyeza, najiambia Pua kasema si ile, naendelea kusuka.

Sijui ningekuwa wapi bila wewe.

Vidole wako


5 Mei

Vidole,

Marahaba. Nenda ukakipimishe hicho kivimbe. Nenda wiki hii. Habari za kitambaa na harufu ziweke pembeni, nilichosema kuhusu kitambaa kiweke pembeni. Kivimbe kinatazamwa na daktari, hakitazamwi na muuza mafuta. Omba ruhusa ya siku moja, Mwenye Saluni hawezi kukunyima.

Usiniulize mbona nimegeuka. Sijageuka. Nimekaa tu nikafikiri.

Pua


29 Mei

Dada,

Shikamoo. Umeanza kuzeeka lini? Mwezi wa tatu unanituliza, mwezi wa tano unanitisha, mdogo wako nishike lipi?

Huu ni msimu wa harusi. Vichwa vimepangana kuanzia mlangoni, na bi harusi mmoja ameniomba mimi na si mwingine. Siku moja ya hospitali si siku moja, unajua mwenyewe. Leo foleni, kesho majibu, keshokutwa kipimo kingine. Nikianza kukosekana sasa, watasema kilichokuwa kwapani kimehamia miguuni, sasa hata kazini sifiki.

Lakini sikatai kabisa. Nipe sababu. Niandikie neno moja tu, kwamba ulikosea, kwamba kwenye kile kitambaa kulikuwa na kitu, au hata kwamba huna hakika. Nitaweka kitana chini na kwenda siku hiyo hiyo, bi harusi ajisuke mwenyewe. Kama huliandiki hilo neno, basi najua msimamo wako ni ule ule, na unaniogopea tu kama ulivyoniogopea siku zote, tangu nikiwa mdogo hunipandishi hata kwenye stuli.

Kivimbe kiko vile vile. Sawa, kimekua kidogo. Jino nalo halijatulia.

Mafuta yamekwisha, nakamua chupa.

Vidole


18 Juni

Mdogo wangu,

Mafuta haya hapa. Hoteli wamenipa ile kazi, nahangaika usiku na mchana, ndiyo maana naandika kwa ufupi.

Umekwenda?

Pua


14 Julai

Dada,

Leo asubuhi nimefungua chupa yako mpya nikiwa saluni. Mafuta ya nazi yamechacha. Si kidogo. Mteja wangu aliinuka kwenye kiti, na Mwenye Saluni akauliza nani kaacha chakula kwenye droo. Mimi nilisimama na chupa mkononi nikainusa tena.

Wewe ndiye uliyenifukuza jikoni nikiwa mtoto kwa kuchovya kijiko cha mafuta ya jana kwenye mafuta ya leo. Unamwaga sufuria zima kwa kuhisi tu, kabla mtu mwingine hajasikia lolote. Chupa kama hii isingetoka mlangoni mwako. Nimelizungusha jambo hili kichwani kutwa nzima, nimesuka kichwa cha watu mstari ukaenda upande, na maelezo ninayoyapata ni yale yale.

Husikii harufu. Tangu lini? Tangu ile homa?

Kitambaa changu kilikukuta kitandani na mafua, umeandika mwenyewe. Nijibu hilo tu, mengine sitaki. Ulikinusa?

Vidole


22 Julai

Mdogo wangu,

Nilikinusa. Nilikibana puani nikavuta mpaka kifua kikauma, na hapakuwa na kitu. Hata pamba yenyewe sikuisikia. Homa ilipoondoka iliondoka na pua yangu, na mpaka leo haijarudi. Karafuu nikiichoma naona moshi. Chai nikinywa ni maji ya moto.

Nilidhani ni jambo la siku mbili tatu. Nikasubiri, ndiyo maana jibu lilichelewa. Haikurudi, na wewe uliandika nijibu haraka. Nikakaa na kalamu nikitaka kuandika "sijui". Mkono ukakataa. Hoteli walikuwa wameshaniita, na kila anayeingia dukani kwangu anaingia kwa ajili ya pua hii. Nikisema imekufa, duka limekufa na mimi nimekwisha. Hiyo ni sababu moja, na ni ya aibu. Ya pili ni mbaya zaidi. Niliogopa isije ikawa ile. Sikutaka iwe ile. Nikaandika nilichokitaka, nikasema ndicho nilichokinusa.

Mwezi wa tano uliponiomba neno moja, nilikuwa nalo. Niliandika barua nikachana, nikaandika nyingine nikachana. Nikakutumia chupa badala yake, mafuta niliyoyachanganya kwa kuhesabu matone kama kipofu anayehesabu ngazi.

Kazi ya hoteli nimeirudisha leo, na duka nimelifunga. Najua hilo halikusaidii wewe. Nenda hospitali. Usingoje unikasirikie kwanza, nikasirikie ukiwa kwenye foleni. Neno lako tu na mimi napanda gari.

Najuta, Vidole.

Pua


19 Agosti

Kwa dada yake Vidole,

Hatujuani ila kwa mafuta yako. Mimi ndiye mwenye saluni. Mdogo wako alianguka wiki iliyopita, barua yako ikiwa imemfikia jana yake, akiwa amefikisha kichwa cha mteja katikati. Yuko hospitali kuu, wodi ya wanawake, ghorofa ya juu kabisa. Hakunituma nikuandikie. Barua zako zilizofuata nimempelekea mwenyewe, naye anazitia chini ya mto bila kuzifungua. Sijui mmekosana nini na si kazi yangu kujua, lakini mimi nina dada pia.

Kiti chake sijampa mtu.

Mwenye Saluni


2 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Ulikuja, najua. Niliviona viatu vyako chini ya pazia. Nilimwambia muuguzi aseme nimelala, ukasimama muda mrefu, ukaacha machungwa. Sikuyala, nilimpa jirani wa kitanda cha pili.

Ni saratani ya tezi, hizi za shingoni na kwapani, na imeshatambaa. Daktari wangu ni mtu mpole, nilimsimulia habari ya kitambaa, akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akasema harufu haiwezi kutegemewa kupima ugonjwa huu. Hata pua yako ingekuwa nzima, ungesema ndiyo au siyo na yote ingekuwa kubahatisha. Wala hajui kama mama alikuwa na hii hii. Nikasema nimeelewa. Halafu nikamuuliza, na kama ningekuja mwezi wa tatu? Akafungua faili, akalifunga. Akasema, "Tungekuwa na nafasi kubwa zaidi."

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa sababu daktari amekutoa hatiani. Ungeandika "sijui", ningeenda. Sikuhitaji pua yako ipatie, nilihitaji useme kweli. Nimekukasirikia mpaka nguvu za kukasirika zimekwisha, na hizi kidogo zilizobaki sitaki kuzimalizia huko. Kukusamehe sijui kama nimekusamehe. Siku nyingine naona tayari, siku nyingine nikikumbuka nilivyocheka mlangoni na viatu mkononi, nakuchukia upya.

Lakini nina jambo jingine. Nanuka, dada. Si kile kikwapa cha kuchekesha. Jasho halikatiki usiku wala mchana, na kivimbe cha shingoni kimepasuka kikawa kidonda kisichofunga. Wauguzi wanavaa barakoa, wana adabu zao, lakini macho nayaona. Jirani niliyempa machungwa ameomba ahamishiwe dirishani. Mwenye Saluni anakuja kila Jumapili, mwema yule, anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango na leso mkononi, na mimi namwonea huruma anavyojikaza. Nimesahau mkono wa mtu usio na glavu ukoje. Nami mikono yangu imeshinda vichwani mwa watu maisha yangu yote.

Nimewaza sana. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kulala kitanda kimoja na mimi asigeuze uso.

Njoo. Usilete mafuta.

Vidole


30 Novemba

Mwenye Saluni,

Asante kwa barua yako, na kwa kuja mazishini na wasusi wako wote. Umeniuliza siku zake za mwisho zilikuwaje, maana kule mwishoni walizuia wageni. Nakuambia kama yalivyokuwa, wewe una haki ya kujua.

Nilifika siku ile ile barua yake iliponifikia. Nilisimama tena nje ya pazia, akasema kutoka ndani, "Ingia basi, viatu vyako nimeshaviona." Nikaingia. Hakunikumbatia, alisogea tu ukutani akaniachia upande wa kitanda. Wauguzi walitukataza, wakarudia kutukataza, mwishowe wakachoka. Alikuwa amebaki mwepesi hata godoro halibonyei. Nilimwogesha kwa mikono yangu mitupu, nilimgeuza, shuka zake nilifua mwenyewe. Usiku aliegemeza kichwa begani kwangu, kile kidonda kikiwa hapa shingoni mwangu, na alilala vizuri. Nashukuru kwa kuwa pua yangu ilikufa, na kusema hivyo kunanitia uchungu, lakini ndivyo ilivyo.

Usidhani tulikuwa malaika. Siku moja alinisema kutwa nzima, juu ya ile barua yangu ya mwezi wa tatu, neno kwa neno, alikuwa ameikariri. Sikujitetea. Nilibaki pale pale kitandani mpaka akamaliza. Jioni akaniambia nimrekebishie mto, na nisiuvute kama navuta gunia. Siku nyingine alinisuka. Vidole vyake vilikuwa havina nguvu, mistari miwili tu ndiyo aliyoweza, iko kichwani kwangu mpaka sasa na sijui nitaifumuaje.

Asubuhi ya mwisho aliniomba nimpanguse kwa maji ya vuguvugu. Nikampangusa. Akaniuliza, "Pua, leo nanukaje?" Nikajua ananiuliza kweli, hatanii. Nikainama kwapani mwake, nikavuta pumzi ndefu kama nilivyokuwa nikifanya dukani mbele ya wateja, na hakuna kilichokuja.

Nikamwambia, "Sijui, mdogo wangu."

Akaweka mkono kisogoni kwangu, akasema, "Haya. Kaa hapo hapo."

Nikakaa. Alipokata roho nilikuwa bado nimemwinamia, na sikujua mpaka muuguzi aliponishika bega.

Dada yake Vidole